Punguzo la Magharibi

Nilikwenda kununua sukari tu.

Ilikuwa Jumatatu, jua linazama nyuma ya milima ya Rwenzori. Mke wangu Rahmah alikuwa amenipigia simu kwamba sukari imeisha nyumbani, kwetu Bulembia. Mimi ni dereva. Nina Noah yangu nyeupe, nabeba abiria na mizigo yao kati ya Kasese na Bwera, na siku za soko la Mpondwe sipati hata nafasi ya kunywa chai. Jioni ile nilikuwa narudi mjini, nikaona taa za supamaketi mpya kabla hujaingia Kasese. Mbele yake kulikuwa na pampu mbili za mafuta. Nikasimama.

Dada wa kaunta alikuwa mpole. Kwenye sare yake ya kijani palikuwa na kibao: Bushira.

"Ssebo, bwana, iko na gari?" aliniuliza akiwa anafunga sukari.

"Iko pale nje."

"Basi usilipe petroli bei ya watu wote. Jaza fomu, nikupe Kadi ya Familia. Ukinunua kitu hapa ndani, hata sabuni, pale nje unapata mafuta karibu nusu ya bei. Ila inaanza magharibi, mpaka isha. Saa ingine hapana."

Nusu ya bei! Mwaka ule petroli ilikuwa imepanda hadi madereva wawili ninaowajua waliegesha magari yao wakarudi kulima. Nikaichukua kalamu. Jina langu, Nasif. Namba ya simu. Namba ya gari. Mstari wa mwisho ulisema: *Mtu mmoja wa nyumbani kwako.*

"Hii ya nini?"

"Ni ya familia," alisema Bushira. "Lazima iko na mtu wa nyumbani."

Nikaandika: Rahmah.

Hakuiangalia fomu. Alikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya blauzi yake kama mtu anayeficha barua.

Nje, adhana ilikuwa inaanza mjini. Vijana wa pampu waliokuwa wakitaniana wakati naingia hawakuwapo tena. Badala yao walisimama watu wawili, overoli za kijivu, kofia zimevutwa chini, barakoa hadi machoni. Mmoja alijaza tangi langu bila kuuliza kiasi. Nilipomsogelea kumpa kadi nilisikia harufu ya petroli, na chini yake harufu nyingine... ya shuka la mgonjwa ambalo halijaanikwa siku nyingi.

Nilifunga kioo nikaenda zangu. Mafuta ni mafuta.

Mwezi wa kwanza tulikula nyama kila wiki. Rahmah alishona gauni. Kisha akaanza kulala.

Ninyi hamumjui Rahmah. Ni mwanamke aliyekuwa akiwagombeza majirani wanaolala magharibi. Alisema anayelala saa hiyo huamka na akili ya mtu mwingine. Sasa adhana ikiita tu, anakaa pembeni ya kitanda, kichwa kinaanguka. Haamki mpaka baada ya isha. Akiamka miguu inamtetemeka, na viganja vyake vimepasuka kama vya mtu wa jembe.

"Umeota nini?" nilimuuliza jioni moja.

"Hakuna. Nimesimama tu."

"Umesimama wapi?"

"Sijui, Nasif. Nimesimama. Watu wanakuja, wanaondoka. Hakuna anayenisalimia."

Tulikwenda kliniki. Wakampima malaria, wakampima damu, wakampa vidonge vya kuongeza nguvu. Nikaendelea kununua petroli magharibi. Nasema hivyo bila kujificha: nilikuwa tayari nimeanza kushuku, lakini shaka haijazi tangi.

Aliyenifungua macho ni Emérance. Ni mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge, abiria wangu wa kila Jumanne na Ijumaa. Jumanne moja tulikuwa tunatoka Bwera tukiwa wawili tu. Nilipopunguza mwendo karibu na supamaketi, akanishika bega.

"Shofere, mimi nashuka hapa. Utanikuta kule mbele."

"Kuna nini, mama?"

"Hapa hapana. Kitu ikiwa bei ya chini sana, ujue kuna mutu anabeba ile yenye kubakia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanisogelea, akashusha sauti ingawa garini hapakuwa na mwingine.

"Juma iliyopita niliangalia ule mutu wa pompe. Nikamusalimia na Kinande, luga yetu. Hakuitika. Nasif, ule ni Katembo, mutoto wa jirani yetu. Na Katembo iko mu kitanda pa Bwera. Wiki mbili sasa, hainui hata kichwa."

"Watu hufanana, mama."

"Kufanana? Mimi nilimulea."

"Sasa nani amemfanyia hivyo?"

"Patroni yake iko na kamyo ya mizigo. Ananunuaka mafuta pale pale." Akafungua mlango. "Kila magaribi."

Ijumaa yake Emérance alipanda gari akiwa amejifunga kitenge cheusi. Katembo alikuwa amezikwa Alhamisi. Tulipita Kikorongo, tukapita nyanda za mbuga, yeye akihesabu rozari yake, mimi nikitazama barabara. Halafu akauliza, taratibu kabisa:

"Na wewe... uliandika nani?"

Nikaongeza mwendo.

Jioni ile ile nilimpigia Mayimuna, dada mkubwa wa Rahmah, nikamwomba akae naye. Nilimwambia asiondoke chumbani, na simu yake isizimwe. Kisha nikanunua kiberiti kwa Bushira, nikasogeza gari kwenye pampu, nikashusha kioo chote.

Adhana iliita.

Walitoka nyuma ya jengo. Wawili, polepole, kama watu wanaotembea majini. Aliyekuja upande wangu alikuwa mfupi kuliko wale wa kawaida. Akafungua kifuniko cha tangi. Nikautazama mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea ndani.

Rahmah alivunjika kidole hicho akiwa msichana, kwenye mashine ya kusaga. Nimekishika kidole hicho miaka kumi na moja.

Nikapiga simu.

"Dada Mayimuna, Rahmah yuko wapi?"

"Si huyu hapa? Amelala."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimekaa naye kitanda kimoja, Nasif. Lakini mbona ananuka petroli? Jasho lake lote..."

"Mwamshe."

"Nimeita, haitiki."

"Mtikise!"

Nikasikia kitanda kikilia kwenye simu. Kri... kri... kri...

Na pale mbele yangu, yule mtu wa overoli ya kijivu akaanza kutikisika.

Hakuna aliyemgusa. Mabega yake yalikwenda mbele, yakarudi nyuma, mbele, nyuma, kichwa kikiyumba kama cha mwanasesere wa matambara. Petroli ikaruka, ikanimwagikia kwenye mkono. Mayimuna alikuwa analia kwenye simu, anaita, anatikisa. Nami nikatoa kichwa dirishani nikanong'ona:

"Rahmah."

Mtikisiko ukakoma. Macho yale juu ya barakoa yakageuka. Yakanitafuta. Yalikuwa macho yake, ila yalinitazama kama abiria anavyomtazama dereva asiyemjua, akijiuliza kama apande au asipande.

"Jina haliitwi hapa, ssebo."

Bushira alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akija. Alilitoa bomba mikononi mwa yule mtu, akalirudisha mahali pake, akafuta petroli kwenye mlango wa gari kwa kitambaa safi.

"Mtoe," nilimwambia. "Chukua kadi yenu. Chukua na gari. Mtoe mke wangu."

"Gari tutafanyia nini?" Alinong'ona naye, bila hasira. "Ulifikiri nusu nyingine inatoka wapi? Hakuna mtu amekulazimisha. Uliandika mwenyewe, na mwandiko wako ni mzuri."

"Futa jina."

"Linafutika. Lakini nafasi haibaki tupu." Akaingiza mkono kwenye blauzi, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa na unyevu. "Andika lingine. Wengine wanaandika lao wenyewe."

Alisema hivyo akitazama upande wa pili wa uwanja. Nami nikatazama. Kando ya ukuta palikuwa na pikapu ya bluu, vumbi tele, ufunguo wake bado unaning'inia. Nilikuwa nimeiona pale tangu jioni ya kwanza. Sikuwahi kujiuliza mwenyewe yuko wapi.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Sasa nitawaambia ukweli ambao Rahmah mwenyewe haujui. Niliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu, N. Mkono ukakataa kuendelea. Kwenye simu Mayimuna alikuwa akisema, "Anapoa, Nasif, mwili wake unapoa." Nikaikata ile N. Nikatafuta jina la mtu ambaye hayupo. Nikaandika la kwanza lililonijia.

Muhindo Samsoni, Maliba.

"Unamjua?" Bushira aliuliza.

"Namjua."

Akatabasamu. Akaikunja karatasi.

Kwenye simu nikasikia pumzi ndefu, kisha sauti ya Rahmah, kavu, ikiomba maji. Nilipogeuka, pale pampuni palikuwa na mtu mmoja tu.

Rahmah alipona. Siku tatu tu, akawa anagombeza majirani tena. Sikumweleza kitu. Nilipita njia ya supamaketi wiki iliyofuata, mchana, nikakuta pampu zimefungwa minyororo na milango imepigwa mbao. Mlinzi wa jirani aliniambia walihama kwa usiku mmoja. Kuhamia wapi, hajui. Ile pikapu ya bluu pia haikuwapo.

Ningekaa kimya hadi leo, lakini kuna jambo lililoninyima raha. Mama yangu ni Mkonzo. Kwa Wakonzo mtoto hupewa jina kwa jinsi alivyozaliwa, na Muhindo ni yule anayebadilisha mfululizo: mvulana baada ya wasichana, au msichana baada ya wavulana. Kila kijiji kina akina Muhindo wake. Na Samsoni ni jina la ubatizo ambalo kule milimani halipungui. Nilijiambia kwamba nimebuni jina. Ukweli ni kwamba huwezi kubuni jina la Kikonzo likakosa mwenyewe. Nilijua hivyo hata wakati naandika.

Basi Jumapili moja alasiri nikaenda Maliba. Nikaingia duka la kwanza, la mwanamke anayeitwa Hajara, nikaagiza soda, nikamuuliza kama anamfahamu Muhindo Samsoni.

"Yupi? Mimi nawajua wanne."

Nikaiweka soda chini.

"Lakini siku hizi mnamtakia nini huyu Muhindo Samsoni?" akaendelea. "Wewe ni wa pili kuniuliza. Alikuja dada mmoja mpole, na fomu yake. Alisema kuna mmoja wao anatakiwa, ila hajui ni yupi."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nikamwonyesha aliye karibu. Yule wa boda boda, nyumba ya mabati mapya pale." Akashusha sauti. "Na tangu hapo hana bahati. Jioni usingizi unamchukua kama mtu aliyepigwa. Wiki jana ulimkamata akiwa juu ya pikipiki, kwenye mteremko. Abiria wake amevunjika mguu."

Nilifika kwenye nyumba hiyo magharibi. Mke wake alinikaribisha, akaniambia bwana amelala, kama ninaweza kungoja. Nikangoja kwenye kiti cha mbao mlangoni. Kutoka ndani ilikuja harufu ambayo sikuhitaji kuambiwa ni ya nini. Nilimwomba mke amwamshe. Alijaribu. Nikaingia mwenyewe, nikamshika mabega nikamtikisa, nikamtikisa kwa nguvu zangu zote, mpaka mke akaogopa akanivuta shati. Nilikuwa nawaza: mahali fulani, kwenye pampu fulani, kuna dereva amekaa kwenye gari lake anatazama mtu akitikisika.

Aliamka mwenyewe baada ya isha. Kijana mrefu, mashavu yamebonyea. Alipoambiwa kwamba nimekuja kumjulia hali alishangaa, maana hanijui, lakini alishukuru sana. Alimwambia mkewe alete chai. Akanimiminia mwenyewe, viganja vyake vimepasuka, kikombe kinatetemeka.

"Watu wanasema nimerogwa," aliniambia, akacheka kidogo. "Mimi nawauliza, na nani? Mtu anarogwa na adui. Mimi sina adui hata mmoja."

Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua.

"Ongeza sukari," alisema, akanisogezea kopo.

Nikaongeza sukari. Nikanywa.