Kura ya Kwanza ya Walimu Ilinitoa Mimi

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa wifi yangu!

Nyie… dada wa mume wangu! Niliyemwombea kazi pale chuoni kwa mdomo wangu!

"Wanaotaka kozi ya ushonaji ifungwe, mikono juu," Mkuu wa chuo alirudia.

Mwalimu wa ushonaji ni mimi. Kozi ikifungwa, na mimi kwaheri.

Mikono ikapanda. Wa useremala. Wa umeme. Wa kompyuta, ambaye asubuhi alikunywa chai yangu!

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Gauni alilovaa wifi nililishona mimi, bure!

Ngojeni niwaeleze. Chuo chetu ni kidogo, kila kozi na mwalimu wake. Zamani Mkuu aliamua kila kitu peke yake, sisi tunakuja kusoma kwenye ubao wa matangazo. Nikasema haiwezekani! Nikapambana naye mpaka bodi ikakubali walimu tuwe na baraza, tupige kura, na Mkuu asiweze kuipindua.

Siku hiyo walinibeba juujuu. Wakaniita Mama Katiba.

Sasa kura yetu ya kwanza ikawa hiyo: pesa za chuo zimepungua, walimu wachague kozi moja ifungwe.

"Wifi… kwa nini lakini?"

"Isingekuwa yako, ingekuwa yangu ya upishi," akanijibu mkavu. "Si ulitaka tuamue wenyewe, Mama Katiba? Tumeamua."

Wakacheka! Jamani, walicheka!

Mkuu hakucheka. Alisubiri watulie.

"Ningeamua mimi, ushonaji ungebaki. Una wanafunzi wengi kuliko kozi zote. Nilitaka kufunga upishi." Hapo ndipo akatabasamu. "Ila siwezi kupindua kura ya walimu. Ndivyo ulivyotaka, au?"

Nililia mbele yao. Sitawadanganya.

Nikainuka niende kukusanya mikasi yangu. Nikiwa mlangoni, nikamsikia Mkuu akiendelea.

"Halafu, walimu… muhula ujao itabidi tufunge nyingine moja."

Macho yote yakamgeukia wifi.

Alinikimbilia hadi kwenye korido, akanishika mkono.

"Wifi yangu… rudi! Wale hawanipendi, wewe unawajua! Nani atanitetea kwenye kikao?"

Mtu aliyenizika dakika tano zilizopita!

"Kikao ni cha walimu, wifi. Mimi si mwalimu tena. Sina kura."

"Basi nifanyeje?"

Nikamnyoosha kola, taratibu.

"Hili gauni litunze vizuri. Utalivaa ukienda kuomba kazi."

Nikamwacha analia pale pale.

Pigania wenzako wapewe rungu, ni haki yao. Ila kabla hujawakabidhi, angalia wanakitazamaje kichwa chako.