Mtoto wa Nagura

Uvumi ule ulimganda Hajira kama utomvu wa korosho. Akifagia uwanja, anausikia. Akipanga mstari shuleni, anausikia: Mama Huruma anatia unga wa njano kwenye tangi lake la maji ili wanafunzi wasahau masomo. Kilichomchoma zaidi ni kwamba aliuanzisha yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Watoto wa kijiji kile, nje kidogo ya Newala, walipenda sana tamthilia ya Kisima cha Almasi. Kila Jumamosi walijazana kwa kina Yassini kuitazama. Ndani yake mlikuwa na mjakazi wa mfalme, Nagura, aliyemwaga unga kisimani. Kwa nini? Tamthilia ilikuwa haijasema, basi darasa la sita wakabishana wiki nzima.

"Analipiza kisasi," alisema Yassini. "Mfalme alimuua mumewe."

"Wewe nawe! Anayatibu maji," alisema Huruma. "Hukuona alivyokuwa analia?"

"Machozi ya unafiki yale," Hajira alikata maneno. Kwa kubashiri hakuwa na mpinzani, na sifa zilimpanda kichwani.

Jumatatu asubuhi alikwenda kuchota maji kwa Mama Huruma. Akamkuta ananawa kando ya tangi, mikono na uso vimejaa unga wa njano. Hajira alijua fika kuwa ni salfa. Mikorosho ikitoa maua, watu huipulizia dawa hiyo mapema, kabla upepo haujaanza. Hata mama yake mwenyewe hurudi hivyo hivyo. Lakini shuleni, ili wenzake wacheke, alisema, "Jamani, nimemwona Nagura! Yuko tangini kwa kina Huruma!"

Walicheka. Kesho yake hawakucheka tena; wengine walishaongeza kwamba unga ule unasahaulisha masomo. Watoto walimwaga maji waliyochota kwa Mama Huruma. Wengine wakarusha mawe kwenye mfuniko wa tangi. "Mtoto wa Nagura, leo mmetutilia nini?" walimzomea Huruma, na hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja. Jumatano hakuja shule. Alhamisi hakuja. Hajira akanyamaza kimya.

Alhamisi hiyo mama yake alirudi kutoka mashine ya kusaga akiwa amefura.

"Hajira! Nani kasema Mama Huruma anatia unga tangini?"

"Wanasema tu, mama."

"Wanasema! Hao wanaosema hawana majina?"

Hajira aliinama. "Nilisema mimi. Nilikuwa natania."

"Unatania! Na mimi nikirudi shambani na salfa mwili mzima, ni mchawi? Bomba la kijiji lilipokauka miezi miwili, ulikunywa maji ya nani? Mwenzio amekosa shule kwa ajili ya mdomo wako, nawe unakula ugali unashiba! Chukua kanga, twende."

"Shikamoo, Mama Huruma," Hajira alisema mlangoni.

Mama Huruma aliitikia bila kuwakaribisha ndani. "Marahaba. Huruma anataka kuhamia kwa bibi yake, kule Lukuledi. Shule ya hapa haitaki tena. Nilikukosea nini, mwanangu?"

"Hukunikosea, mama. Nilikuona unanawa salfa, nikasema uongo."

"Usiniambie mimi, mimi ninajua. Kawaambie uliowaambia."

Ijumaa, mstarini, Mwalimu Benedikto alimpa Hajira nafasi ya kusema. "Niliona salfa. Nilijua ni salfa. Nilimtaja Nagura ili mcheke."

"Kumbe!" Yassini aliguna. Wengi walitazama chini.

Jumatatu Huruma alirudi. Hajira alimsogelea dawatini. "Kaa," Huruma alisema, "lakini bado nina hasira na wewe." Hajira akakaa.

Mama yake Hajira alikuwa amemfuata mpaka shuleni asubuhi hiyo. Mwalimu alipomruhusu kusema, hakupunguza ukali.

"Watu wa kwenye runinga wabashirini mpaka mchoke, hawana mtoto wa kuzomewa njiani. Sisi tunao. Kwa hiyo sikilizeni.

Msimpachike jirani jina la mtu mbaya wa tamthilia.

Msiseme kwa nini mtu kafanya jambo kama hamjamuuliza.

Msipeleke mbele neno ambalo hamjui limetoka wapi.

Msimzomee mtoto kwa sababu ya mzazi wake.

Msichezee maji ya watu.

Na mkijua jambo ni uongo, msinyamaze hata siku moja."