Weka Tena Kidole, Mpenzi

"Marieta Bura Margwe ni nani hapa?"

Marieta alikuwa amechuchumaa uani kwao, kijijini Daudi, anakata mikia ya vitunguu swaumu, mikono imejaa udongo. Akainua uso. Mzee mmoja wa koti zito amesimama mlangoni mwa ua, fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba. Ni mimi."

Mzee hakuitika. Mzee wa huku amnyime binti marahaba? Kuna jambo.

"Naitwa Yoakimu, natoka Gitting. Nimekuja kuona uso wa mtu aliyekula jicho la mke wangu."

"Baba, sijakuelewa."

Mzee akatoa kisimu cha batani kilichofungwa na mpira, akamnyooshea. Meseji ilikuwa ya mwezi wa tatu:

"Baba simu yangu imezima natumia hii ya nesi. Ile hela ya matibabu ya mama tuma hapa haraka daktari anasubiri. Jina litakuja Marieta. Usipige huku ndani hawaruhusu."

"Mwanangu Gidion kweli alikuwa hospitali na mama yake, anasubiri kupasuliwa jicho," mzee alisema. "Mimi nimetoka kuuza dume la ng'ombe. Naenda kutuma, jina linatokea, Marieta Bura Margwe. Nikasema aa, hili jina la kwetu. Mtoto wa kwetu hawezi kuniibia. Lingekuja jina geni ningempigia Gidion kwanza. Jina lako ndilo lililonitoa wasiwasi, binti."

"Haki ya Mungu baba, hiyo namba siijui!"

"Mke wangu alikuwa na jicho moja linaloona kidogo. Tulipopata hela nyingine, daktari akasema mmechelewa. Sasa anashikwa mkono mpaka chooni. Jumapili nilikuja naye kwa dada yangu hapa, tukaenda kusali. Katekista akasoma matangazo ya ndoa. Nikasikia jina lile lile! Nilikaribia kuanguka kwenye benchi. Jumatatu naenda polisi. Nimeona nije kwanza, nisimfunge mtu ambaye sijamwona."

Akageuka, akaondoka. Marahaba hakuiacha.

Marieta hata mikono hakunawa. Mbio mpaka senta, dukani kwa Raya, shoga yake tangu shule, anayeuza vocha na chaja.

"Raya, kuna mtu ana laini ya jina langu!"

"Tulia basi. Piga *106#. Weka namba yako ya NIDA. Leta nione..." Raya akasogeza simu karibu na macho. "We Marieta! Una laini nne?"

"Nina moja!"

"Hapa ziko nne, shoga. Jina lako, kitambulisho chako. Alikusajili nani?"

Marieta akakaa kwenye kreti la soda, puu, kama mzigo.

Aliyemsajili ni Hermani. Hermani wa Hirbadaw, yule kijana wa mwavuli wa laini anayezunguka minadani. Mchumba wake.

Walikutana mnada wa Dongobesh, mwaka juzi. "Dada, vidole vyako vimeliwa na jembe," alimwambia siku ile, anamfuta dole gumba kwa leso yake taratibu, kama anafuta yai. "Mashine haisomi. Weka tena." Akaweka. "Weka tena." Akaweka, mpaka mara ya nne. Watu kwenye foleni wakacheka, naye akacheka. Huku nani anashangaa? Vidole vya jembe na swaumu havisomi, kuna wazee wanaweka hata mara kumi na hawaulizi kitu. Jioni ile Hermani akampigia. Mapenzi yakaanza na hicho kidole.

Marieta akatoka nje ya duka. Akawasha kurekodi, kisha akampigia Hermani.

"Mama watoto! Nilikuwa nakuwaza muda huu huu."

"Hermani, siku ile Dongobesh, kidole changu kilikataa kweli?"

"Swali gani hilo, mpenzi?"

"Nijibu."

"Kilikataa... mara moja."

"Nilikiweka mara nne."

"Nani kakujaza maneno? Raya, eh? Yule hajawahi kunipenda."

"Nina laini nne, Hermani. Moja imekula jicho la mama wa watu Gitting."

"Mari, nisikilize. Mimi meseji situmi. Nauza laini tu, kuna jamaa wananunua. Wanazifanyia nini sijui, sijawahi kuuliza. Halafu wakati ule nilikuwa sikupendi! Ulikuwa mteja kama wengine. Nilipokupenda nikaacha, naapa."

Jamani, mapenzi haya! Marieta alitaka kuamini. Alilitafuta neno la kumsamehe, likafika mpaka mdomoni. Kisha akakumbuka.

"Siku ya posa uliileta ile mashine ya nini?"

"Mashine gani tena?"

"Ulisema laini zinahakikiwa upya. Nikaweka kidole mbele ya wazee, nawe unatania, 'mke wangu hasomi huyu,' watu wakacheka. Mama naye akaweka, na shuka uliyomletea iko begani. Mpaka mama yangu, Hermani?"

"Harusi inataka vitu, Mari! Unadhani hiyo shuka ilitoka wapi?"

Marieta akaangalia kama simu bado inarekodi.

"Sikia," Hermani akaendelea, sauti imebadilika, baridi. "Keshokutwa ni tangazo la mwisho. Nyamaza mpaka tufunge. Mke hapeleki mume wake polisi. Halafu jina lililoko kwenye ile laini ni lako, siyo langu. Nani atakuamini?"

"Wakisikia sauti yako wataniamini. Nimekurekodi."

Marieta akakata simu. Baada ya dakika mbili, meseji ya Hermani ikaingia:

"Mari futa hiyo kitu. Nakupenda kweli. Hapo sijakudanganya."

Aliisoma mara tatu, machozi yanadondokea kioo. Hakujibu. Ila hakuifuta.

Jumapili kanisa lilijaa. Hermani alikaa benchi la tatu, koti jipya, anamtafuta Marieta kwa macho. Katekista akafungua daftari.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, Hermani Alfredi wa Hirbadaw, na Marieta Bura Margwe wa hapa Daudi. Mwenye kujua kizuizi chochote amweleze paroko."

"Ninacho mimi."

Kanisa zima likageuka. Bibi harusi mwenyewe amesimama!

"Marieta, kaa chini," mama yake akamvuta kitenge. "Umerogwa?"

"Mama, nawe nenda kaangalie laini zako. Na ninyi nyote ambao huyu aliwaambia weka tena."

Wababa wa upande wa kulia, mmoja mmoja, wakaanza kuangalia madole gumba yao. Hakuna aliyecheka. Hermani alitoka kwa mlango wa pembeni, na kabla wimbo haujaanza, pikipiki ikawaka nje, ikapotea na njia.

Marieta alimkuta mzee Yoakimu chini ya ngazi za kanisa, amemshika mkono mke wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Yule mama akanyoosha mkono hewani, akaupata mkono wa Marieta, akapapasa vidole kimoja kimoja.

"Vimechubuka," akasema. "Huyu analima swaumu. Wezi hawana vidole hivi."

Marieta alilia hapo, kwa mara ya kwanza mbele za watu. Kisha wakaenda polisi siku hiyo hiyo, wakasikiliza ile sauti wote. Askari akaandika kurasa mbili, akazigeuza mezani, akasogeza kidau cha wino.

"Saini hapa. Dole gumba hapa."

Marieta akasoma mstari kwa mstari, askari anapiga miayo. Akasaini. Akabonyeza dole. Askari akaliangalia, akatikisa kichwa.

"Haijatoka vizuri. Weka tena."

Marieta akaurudisha mkono wake kifuani.

"Nitaweka, afande. Ila kwanza hiyo alama ya kwanza ikate kwa kalamu, na mimi naona."