Sahani ya Mabinti wa Ushirombo

Nyumba ya Nazir haikuwahi kuingia pombe. Kwa hiyo Gulnar, mkewe, aliponusa pombe ya mtama ndani ya kabati la santuri, mchana kweupe, pale Kambarage mjini Shinyanga, alimgeukia mumewe kwa jicho la kumsuta.

"Usiniangalie hivyo, Mama Nurjahan. Mimi sijanywa."

"Kumbe kabati ndilo limekunywa?"

Kabati hilo ndilo lililowalisha. Nazir alinunua na kuuza sahani za santuri, tena si za kila mtu: alisaka makundi ya kwanza ya wasichana, wale walioimba miaka ya uhuru, wakaolewa, wakasahaulika. Sikio Mungu alimjalia. Haya ya uso ndiyo hakujaliwa.

Majuzi alikuwa amepata sahani aliyoiota miaka mingi: Mabinti wa Ushirombo, ndugu watatu waliorekodi sahani moja tu, lori likapinduka nao wakirudi nyumbani, wakafa wote. Nakala pekee iliyobaki alikuwa nayo mama yao, Mama Justa. Kila mavuno mama huyo alimwaga pombe kizingitini, akaipiga sahani, wanawe waje wale. Nazir akaiomba akaisafishe.

"Ni amana, mayo," alimbembeleza, akimwita mama kwa lugha ya huko. "Kabla ya mavuno utakuwa nayo."

Amana, jamani! Mavuno yakapita, sahani iko kabatini ikimngoja Mansukhlal, tajiri wa Mwanza aliyekusanya vitu vya namna hiyo.

Kesho yake, baada ya harufu ile, Nurjahan, binti yao wa pekee, alifungua kinywa kumwita paka, sauti ikatoka nusu. Kufikia Ijumaa haikutoka kabisa. Mtoto alilia machozi yakamlowesha gauni, kifua kikapanda na kushuka, na nyumba nzima ikabaki kimya, ila kutoka kabatini, kwenye ile harufu ya mtama uliochacha, walisikia kitu kikitafuna taratibu, bila haraka, kama mtu aliyekaribishwa.

Wakamwita Bi Mwamvua, mganga. Alifukiza ubani, akatega sikio kwenye mlango wa kabati, akarudi nyuma haraka.

"Semeni polepole," alinong'ona. "Humu mna wageni watatu, na wana njaa. Mmewazuia kwenda kula kwao, sasa wanakula walichokikuta."

"Wanakula nini, Bibi?" Gulnar alimvuta mtoto kifuani.

"Sauti ya mtoto. Rudisheni cha watu. Mwenye mali akiwaita, watamwachia mtoto."

Nazir alimpenda binti yake, tusimsingizie. Lakini tamaa nayo ilikuwa imeshamkalia kifuani. Aliloweka sahani kwenye maji ya uvuguvugu, akabandua ile karatasi ya katikati yenye majina ya mabinti, akaigandisha juu ya sahani ya kwaya ya wanaume. Kazi safi, alikwishaifanya mara nyingi. Ndiyo hiyo aliyoipeleka Ushirombo.

Mama Justa aliipokea kwa mikono miwili. "Mungu akulinde, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mayo." Hakungoja hata kukaribishwa kiti.

Aliporudi, harufu ilikuwa imekwisha. Nurjahan bado alikuwa bubu. "Itarudi tu," Nazir alimwambia mkewe, na Mansukhlal alipokuja, alimwekea ile sahani halisi aisikilize kabla ya kununua.

Mabinti wakaanza kuimba, watatu, sauti tamu za kumtoa nyoka pangoni, Mansukhlal akafumba macho kwa raha, kisha mmoja akanyamaza, na wa pili, na wa tatu, kama watu wanaoinuka kutoka chakulani, ikabaki sindano ikikwaruza, ikikwaruza, na ndani ya mkwaruzo huo kikaja kisauti chembamba ambacho Nazir alikijua tangu kilipojifunza kutamka jina lake: "Baba, nifungulie. Baba, huku giza."

Nurjahan alikuwa ameketi mkekani mbele yao, midomo imefumbwa.

Mansukhlal alitoka mbio bila kuaga. Nazir naye akaikumbatia sahani, akarudi Ushirombo kwa lori la kwanza. Mama Justa hakumkaribisha ndani.

"Nilimwaga pombe," alisema, "nikapiga ulichoniletea, wakaimba wanaume. Nikalia. Basi wanangu wakaja wenyewe, wamekwisha kushiba."

"Nimekuletea yao, mayo! Hii hapa! Nihurumie, ana miaka saba!"

"Wangu nao walikuwa na mama. Humo hawamo tena. Aliyemo ni wako. Nenda naye."

Akafunga mlango.

Siku hizi kabati ni tupu, sahani imebaki moja. Kila alasiri Gulnar humketisha Nurjahan mapajani, akamsuka nywele, akamwomba mumewe kwa sauti ya chini, "Mwekee, Baba Nurjahan. Mara moja tu nimsikie." Nazir anajua, kuliko mtu yeyote Shinyanga nzima, kwamba sindano huila sahani kila inapopita. Jana mtoto aliita mara mbili. Leo neno "Baba" limefika nusu, likamezwa na mkwaruzo.

"Rudia," Gulnar alisema.

Nazir akarudia.