Kiraka Chekundu cha Tononoka

Gunia lilikuwa moja, na mikono iliyolishika ilikuwa minne.

"Liwache!"

"Liwache wewe! Mimi nimeliona tangu halijamwagwa mchele."

"Wewe waliona, mimi nalishika. Kati ya mwenye kuona na mwenye kushika, nani mwenye mali?"

Soko zima likaacha biashara. Ulikuwa mwaka wa ile njaa kubwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, njaa ambayo hata panya wa Kibokoni walihama kwenda Zanzibar kwa miguu. Anayebisha na amtaje panya mmoja aliyeonekana Mombasa mwaka ule. Watu hawakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa vyungu vitupu, basi vijana wawili wakivutana gunia ilikuwa ni karamu.

Upande mmoja alishika Zein, fundi wa kushona matanga na maturubai, kijana wa Kibokoni, kanzu yake imetiwa darizi shingoni, kofia ya viua, yale maua madogo ya uzi, imelalia sikio. Upande wa pili alishika msichana wa Kidigo, kaniki imepauka, shanga moja tu shingoni. Mwili ulikuwa umekonda, lakini macho yake yalikuwa bado hayajapata habari ya njaa.

"Mimi nataka kutilia turubai kiraka," alisema Zein. "Na wewe, mwana wa watu, wataka nini?"

"Nataka nyumba."

"Nyumba?"

"Ukuta wa mashariki ninao. Huu wa magharibi."

Zein akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaliachia gunia kwa ghafla hata msichana akakaa chini kwa kitako. Soko likapiga vigelegele.

"Chukua," alisema, akimwinua. "Lakini gunia likishonwa kwa ukindu huvuja. Nitakuja nikushonee."

"Nimekuita?"

"Upepo utaniita."

"Basi upepo ukakupe na mshahara," alisema Mwanatumu, kwani ndilo jina lake, akalitia gunia kichwani akaenda zake Tononoka.

Tononoka ya siku zile ilikuwa kichaka na uwanda. Hapo ndipo walipokusanyika waliokimbia njaa, Wadigo na Wagiriama, wakajifanyia mahema kwa magunia matupu na makuti. Mji mwanzoni uliwapokea vizuri. Wanawake wa Kibokoni walipeleka masufuria ya uji, walimu wa vyuoni wakachangisha tende. Lakini sote twajua mgeni siku ya kumi huambiwa nini. Masufuria yakawa sahani, sahani zikawa vikombe, na mwisho kilichotoka barazani kilikuwa maneno matupu: wanachafua visima, wanakohoa, watatuletea ndui.

Zein hakuwa na habari na baraza. Kila baada ya sala ya alasiri alikuwa Tononoka na sindano yake, kipande cha ngozi kimefungwa kiganjani. Mzee Chirau, baba yake Mwanatumu, alikuwa amelala ndani juu ya jamvi, kifua kinamkereketa. Hakuwa kipofu, ingawa wapenzi walimdhania hivyo.

"Fundi," aliita siku moja, "hema hili umelishona mara ngapi?"

"Mara nane, mzee wangu."

"Na limepasuka mara ngapi?"

"Mara moja."

Chirau alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Mwanatumu akajifunika uso kwa leso.

"Umeniaibisha mbele ya baba," alinong'ona.

"Basi nipasulie mahali, nyonda wangu, nipate sababu ya kweli."

"Sababu huna, haya huna. Una nini wewe?"

"Nina uzi."

Ikawa hivyo mwezi mzima, maneno ya ncha ya sindano, na mapenzi yakashonwa pale pale mbele za watu bila mtu kuyaona, ila kambi nzima.

Kisha akaja Sheikhan. Huyu alikuwa mzee wa mtaa, tajiri wa vitambaa, ndevu zimetiwa hina. Alimkuta Zein dukani, akamwekea jora la kitambaa chekundu.

"Mwanangu, nafaka ya msaada yaja. Wenye wagonjwa watapewa kwanza. Mahema yao yatie kiraka chekundu, kikubwa, kionekane. Wewe wajulikana kule, hawatakukimbia."

Zein akaamini. Na nani asingeamini? Lilikuwa neno la mtu mzima. Akashona viraka ishirini kwa siku mbili, na cha kwanza akakitia kwenye hema la Mzee Chirau. Hicho hakukishona hivi hivi. Alikipiga mishono ya mara mbili, akakizungushia viua kama vya kofia, jinsi bwana arusi anavyoshonewa.

"Nini hiki?" aliuliza Mwanatumu.

"Hiki ni chakula chako. Atakayekuja ataanza kwako."

Kweli walianza kwake. Asubuhi ya tatu walikuja askari na madebe ya mafuta ya taa. Wakuu wa mji walikuwa wameamua kwamba wagonjwa ndio wenye ndui, na mahema yao ndiyo yatangulie kuchomwa. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani mgonjwa, viraka vilijibu. Mwanatumu alimvuta baba yake kwa makwapa, na alipogeuka, ukuta wa mashariki na wa magharibi zilikuwa moto mmoja.

Mchana ule ule masika, yaliyokuwa yamechelewa, yakaja yote kwa pamoja.

Siku hizi wangepigiana simu, wakatukanana, wakakatiana. Wakati ule simu yao ilikuwa Mwanakuu, muuza vitumbua, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, na simu hiyo haikukatika hata ukitaka.

"Zein asema hakujua," alisema Mwanakuu, amesimama mvuani Tononoka.

"Mwambie mkono wake ulijua. Ulitia na viua."

Mwanakuu akarudi Kibokoni. "Asema viua."

"Mwambie niliambiwa ni nafaka. Mwambie na nikatwe mkono."

"Asema na akatwe mkono," alimwambia Mwanatumu.

"Mwambie mkono wa fundi haunifai kitu. Baba yangu yuko chini ya mvua. Anirudishie ukuta."

Mwanakuu aliposema hayo, yeye mwenyewe alikuwa analia, na vitumbua vimelowa. Kisha akaongeza habari aliyoipata kwa askari mmoja mteja wake: Ijumaa baada ya sala, mahema yaliyobaki yatabomolewa, na watu wote watavushwa Likoni, mvua isimame isisimame.

"Chirau kuvuka hatavuka," alisema. "Atakufa mashuani."

Zein akapanda ghorofani kwa bibi yake.

Bi Jawahir alikuwa hajatoka mlangoni kwake mwaka wa pili. Si kwa ugonjwa. Mwanamke wa ukoo kama wake hakutembea njiani wazi. Alitembea ndani ya shiraa. Na shiraa, kwa asiyeiona, ni hema la kwenda kwa miguu: pazia refu, kaniki nje na bafta nyeupe ndani, limetundikwa juu ya miti minne, bibi katikati, watumwa wanne wameshika miti. Mwanamume akiiona yaja, awe liwali awe mlevi, hugeuza uso ukutani mpaka ipite. Kuigusa ni kumgusa aliyemo, na aliyemo huitwa Mwana, yaani bibi wa heshima. Lakini watumwa wa Bi Jawahir walikuwa wameukimbilia uhuru wao, wote wanne, tena kwa mpigo mmoja, na shiraa ikabaki kulaliwa na paka.

"Bibi, nataka utoke," alisema Zein.

"Nitoke na nini? Miti itajibeba?"

"Nitaishika mimi."

Bi Jawahir aliweka tasbihi chini. "Wewe, mwungwana, mjukuu wangu, ushike mti wa shiraa? Wajua watakuitaje? Hutapata mke Kibokoni mpaka kiama."

"Nimtakaye hayuko Kibokoni, bibi."

Bikizee akaiokota tasbihi. "Ndiye yule uliyemtilia kiraka?"

"Ndiye."

"Basi niletee viatu vyangu."

Ijumaa ile, watu walipokuwa wanatoka msikitini, shiraa ilipita njia kuu ya Kibokoni. Mti wa mbele alishika Zein, kanzu ya darizi imemlowa magotini. Wa pili na wa tatu walishika Chengo na Dzoro, wanaume wa kambini. Wa nne alishika Mwanakuu, na kwa ule ufupi wake shiraa nzima ililalia upande kama kofia ya mchumba. Kwa desturi wanaume wangegeuza nyuso. Safari hii wengi walitoa macho.

"Ewe Zein! Umenunuliwa lini?"

"Mtumwa mpya wa Bi Jawahir! Pole, bwana!"

Zein alikaza mwendo. Masikio yalimuwaka moto, na mvua haikuyazima.

Tononoka waliwakuta askari wamekwisha kung'oa safu ya kwanza, Sheikhan amesimama kando na mwavuli. Shiraa ikapenya katikati ya mahema, ikasimama pale penye jivu, karibu na Chirau.

"Ondoeni hicho nacho!" alipaza sauti mkubwa wa askari.

"La!" Sheikhan alidakia, na mwavuli ukamponyoka. "Hiyo haiguswi. Ndani mna Mwana."

Sauti ya Bi Jawahir ikatoka ndani ya pazia. "Sheikhan. Mama yako alipokuwa hana maziwa, ulinyonya wapi?"

Sheikhan akainama. "Kwako, mama."

"Na ndiyo maziwa yaliyokufundisha kuchoma nyumba za wagonjwa?"

Halafu likatendeka jambo ambalo Mombasa ilikuwa haijaliona. Pazia lilifunuliwa, na Bi Jawahir akatoka nje, uso wazi, nywele nyeupe, mvua inampiga. Wanaume wakageuka upesi, hawajui watazame wapi, maana Tononoka hakuna ukuta. Akamshika Mwanatumu mkono.

"Mwingize baba yako, kisha uingie na wewe, ushushe pazia." Akamgeukia Sheikhan. "Ndani bado mna Mwana. Nani ataigusa?"

Hakuigusa mtu. Askari waliondoka kwa siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Mji ulikuwa na nguvu za kuchoma magunia, shiraa uliiogopa.

Siku tatu Zein alikaa nje ya pazia, Mwanatumu ndani, na Bi Jawahir katika hema la jirani.

"Upo?" aliuliza Mwanatumu siku ya kwanza.

"Nipo."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Siku ya pili: "Upo?"

"Nipo."

"Haivuji."

Siku ya tatu, adhuhuri, alisema, "Zein, ingia. Baba akuita."

Chirau alikuwa amebakiwa na pumzi za kuhesabika. "Fundi," alisema, "hili nalo umelishona mara ngapi?"

"Hili sikulishona, mzee wangu."

"Ndiyo maana halina mapengo," alisema Chirau, akatabasamu, na tabasamu likabaki pale pale, mwenyewe kaondoka.

Sanda hawakuwa nayo. Bi Jawahir alisema bafta ikatwe, ile nyeupe ya ndani, na Zein akaikata kwa mkono wake. Wakamzika Chirau Tononoka. Ukipita leo utakuta shule na maduka, kaburi hutalikuta.

Baada ya maziko shiraa haikuwa shiraa tena, na askari wakarudi.

Kwenye kivuko cha kwenda Likoni watu walipangwa safu, kila mmoja na kibaba cha mbegu. Mwanatumu alikuwa na Chengo na Dzoro na watu wao.

"Baki," alisema Zein. "Nikuoe, Mwanatumu. Bibi ameridhia."

"Unioe wapi? Katika mji ulionichomea nyumba?"

"Basi sema wewe wapi."

"Kwetu, mahindi yakikomaa. Uje uniulize huko. Hapa nikisema ndiyo, watasema ni njaa."

"Na nyumba nitaijuaje?"

Akafungua pindo la leso. Kilikuwa kile kiraka chekundu, kingo zimeungua, viua vyote vizima. "Ulishona vizuri mno, mwovu wewe. Gunia lote lilikuwa jivu, hiki kikabaki. Nitakitundika mlangoni. Safari hii alama iseme kweli."

Mashua ikamchukua.

Bi Jawahir alifariki kabla ya mavuno, ile mvua haikumtoka kifuani. Zein alimzika, akafunga mlango wa Kibokoni, akavuka na sindano yake. Alikwenda kwa miguu siku mbili, na kila kijiji alichopita alikuta nyumba zimefungwa kwa miiba. Ndui ilikuwa imefika kabla yake.

Siku ya pili, alasiri, akaiona nyumba yenye kiraka.

"Hodi."

"Nani?"

"Fundi."

Mlango haukufunguliwa. Kisha sauti ikasema, "Hapana kilichopasuka hapa. Rudi, Zein."

"Nimekuja kuuliza."

"Uliyekuja kumuuliza hayupo. Ndui imepita. Sasa mimi ndiye niliyetiwa alama."

Akasikia mlango wafunguliwa. Zein hakumtazama. Aligeuka, akaweka uso wake kwenye ukuta wa udongo, vile wanaume wa Mombasa wafanyavyo shiraa ikipita.

"Wafanya nini?" aliuliza Mwanatumu.

"Mwana yuwapita. Nitakaa hivi mpaka aniruhusu."

Alikaa. Kivuli cha nyumba kikafika miguuni kwake, kikampanda magotini. Mwishowe mkono ukamgusa bega.

"Geuka."

Akageuka. Ndui haikuacha mahali usoni, na jicho moja lilikuwa jeupe kama bafta.

"Waona nini?"

"Namwona aliyeninyang'anya gunia langu."

Mwanatumu alicheka, mara ya kwanza tangu jivu la Tononoka, kisha kicheko kikageuka kilio, naye Zein akalia pamoja naye pale mlangoni, bila haya.

"Sasa uliza," alisema.

Akauliza. Akajibiwa.

Hakurudi Kibokoni kukaa. Kiraka hakikutolewa mlangoni mpaka kikaoza chenyewe, na Zein, fundi aliyeweza kushona chochote, hakutia kingine.