Vipanya vya Mudzipela

Asubuhi ile vipanya havikula. Pétronille alivikuta vyote, kila kimoja katika kizimba chake, vimesimama kwa miguu ya nyuma, pua zimeelekea kona moja ya chumba, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila sementi na ukuta mweupe. Aligonga kizimba kwa kidole. Hakuna kilichogeuka.

"Hervé," aliita kwa sauti ya chini. "Kuya uone."

Hervé alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yao, naye alimwita Yaya, yaani dada mkubwa, na ni Pétronille aliyemtoa kwenye shamba la muhogo kule Marabo akamleta Bunia wafanye kazi pamoja. Labo yao, maabara ndogo, ilikuwa nyumba ya kupanga mtaani Mudzipela, nyumba ya zamani ambayo wenyewe waliihama wakati wa vita na hawakurudi tena. Humo ndani walipima akili za panya vijana, wale ambao si watoto tena na bado hawajakomaa. Walificha karanga katika moja ya mabakuli mawili madogo, moja limejazwa mchanga, jingine unga wa mbao. Mwanzoni harufu ndiyo iliyoongoza: bakuli la vanila lina karanga, la kahawa halina. Kipanya kikishajua hivyo, walibadili sheria. Harufu haikuwa na maana tena. Karanga sasa ilikaa chini ya mchanga, kamwe si chini ya unga wa mbao, bakuli linukie vipi. Walitaka kujua kipanya cha umri ule kinachukua muda gani kuacha mazoea na kuangalia kitu kipya.

"Pengine kuko nyoka ndani ya ukuta," Hervé alisema.

Walitafuta. Hapakuwa na nyoka. Palikuwa na harufu tu, nyembamba, kama ya nywele zilizoungua, na ilitoka kwenye kona ile.

Wakaanza kazi hivyo hivyo. Kipanya cha kwanza kilipita vanila, kikapita kahawa, kikaenda hadi mwisho wa sanduku la majaribio, upande wa ile kona, kikaanza kuchimba ubao. Kilichimba mpaka kucha zikakatika. Hervé alipokitoa kilimng'ata, kikaruka, kikarudi pale pale na kuendelea kuchimba kwa vidole vyenye damu, wala karanga zilizomwagika mbele yake hakikuziangalia. Kilichofuata kilifanya vile vile. Jioni baadhi vilikuwa vimekufa, midomo wazi, vichwa bado vimeelekea kona.

"Tufunge hii kazi," Hervé alinong'ona. "Yaya, hii fasi, hii nyumba, inatuchukia."

"Ni ugonjwa. Kesho nitaita veterinere, munganga wa wanyama."

"Ugonjwa haiite mutu kwa jina."

"Nani alikuita jina?"

Hervé alikuwa anaangalia kona.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri, na Pétronille alichelewa kwa sababu ya matope. Alipofika mlangoni alisikia mkwaruzo, akadhani ni vipanya, lakini ulikuwa mzito mno kwa vipanya, ulikwaruza na kupumzika, ukakwaruza tena, na ile harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imejaa korido mpaka ikamkaa ulimini, na aliposukuma mlango wa chumba alimwona mdogo wake amepiga magoti konani, ameshavunja sementi, anachimba udongo mwekundu kwa mikono mitupu huku vipanya vilivyobaki vikimkodolea macho kutoka vizimbani, vimetulia, kama vile vilikuwa vimengoja siku zote apatikane mtu wa kuchimba badala yao.

"Hervé. Acha."

Aligeuza uso. Macho yalikuwa yake, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, kavu, na imejaa chuki.

"Wenye hii nyumba hawakukimbia vita," ilisema. "Walikimbia miye. Na weye ukaleta wanyama hapa, unawafundisha kuacha kile walijua. Miye sifundishe kuacha. Ule ninashika, hageuke tena."

Pétronille alikimbia mvuani hadi kwa Mama Mbambu, mwanamke wa kikundi cha maombi cha parokia, aliyekuwa akiitwa mara kwa mara kwenye nyumba za aina hiyo. Mama Mbambu alikuja na rozari na maji ya baraka. Mlangoni alisimama, akanusa, akamshika Pétronille mkono.

"Iko jini," alisema polepole. "Inaishi kwa kuangaliwa na kujibiwa. Usiiangalie. Hata iseme na sauti ya nani, weye usijibu. Ukijibu, inabaki na mudogo wako."

Walipiga magoti kila mmoja upande wake wa Hervé. Mama Mbambu alianza kuomba, na kila alipotaja jina la Yesu vizimba vilitikisika juu ya meza, na sauti ile ikamtukana, ikamtukana mama yake, kisha ikanyamaza, na katika ule ukimya Pétronille akasikia sauti nyingine, nyepesi, inayotetemeka, sauti aliyoijua tangu siku mwenye sauti hiyo alipojifunza kusema, ikimwambia, "Yaya, ni miye, ni Hervé mwenyewe, inaniumiza, sema jina yangu mara moja tu, nijue uko hapa," na mkono wenye damu ukamshika goti, ukalibana, na yeye akakaza macho kwenye vidole vya Mama Mbambu vilivyokuwa vikihesabu rozari, akauma midomo, machozi yakamtiririka mpaka shingoni, na hakujibu, na sauti ikamwita tena, na tena, kila mara ikififia kidogo, na hakujibu.

Kisha mlango ukafunguka wenyewe. Harufu ikapita kati yao, ikatoka. Hervé akaanguka usingizini.

Chini ya sementi iliyovunjika hapakuwa na kitu.

Alipoamka alimwomba Mama Mbambu maji. Pétronille alimletea kikombe, akamfuta uso, akamwambia amekwisha kupona, wataondoka hapa, watarudi nyumbani. Hervé alikunywa, akamwangalia dada yake muda mrefu.

"Yaya," alisema, "juu ya nini hausemi na miye?"

Pétronille alikuwa anasema naye. Aliendelea kusema naye, akapaza sauti, na Hervé akaendelea kuangalia midomo yake bila kuelewa. Hospitali walimpima masikio wakayakuta mazima. Aliwasikia watu wote. Sauti ya dada yake tu haikumfikia.

Hervé alirudi Marabo shambani peke yake. Siku ya kwanza Pétronille alipompigia simu, Hervé alipokea upesi.

"Allô? Yaya? Kama ni weye, sema."

"Ni miye, Hervé. Ni miye."

"Allô?" Akangoja. "Hakuna mutu."

Akaweka simu mezani bila kuikata. Pétronille akasikia hatua zake zikienda mbali, mlango ukafungwa. Alitaka kukata. Ndipo pumzi ikasikika karibu kabisa na simu.

"Miye ninakusikia," ile sauti kavu ilisema. "Siku ile haukunijibu; sasa maneno yako yote inakuja kwa miye. Endelea kusema."