Vidonge Ndani ya Mafuta ya Nazi

Jumapili alasiri, jua la mtaa wa Tudor, Mombasa, huingia nyumbani kwa Kanze polepole, kama mgeni asiye na haraka. Huanza kwenye pazia, huteleza ukutani, kisha hulala sakafuni. Saa hizo Kanze hukaa kitini, na mumewe Charo hukaa chini mkekani, kichwa mapajani mwake. Kanze huchovya vidole kwenye kibakuli cha mafuta ya nazi na kumpaka utosini.

Kanze alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Ilikuja baada ya miaka ya kungoja, ya mama mkwe kutazama tumbo asiseme neno. Ilimlegeza mwili. Aliweza kusinzia huku mikono ikiendelea na kazi, na katika usingizi ule mwepesi aliona nywele zikichipua kichwani mwa mumewe kama nyasi baada ya mvua za vuli.

Kichwa kile kilikuwa na kisa chake. Charo aliuza leso za kujifunga katika duka la mzee Adamji, Biashara Street. Hajatimiza miaka thelathini, na nywele zilikuwa zimeshamkimbia. Mteja akitaka kujitazama na leso mpya, mwenzake Tsofa humwambia kioo kiko kichwani mwa Charo. Watu wakacheka. Charo naye alicheka. Akifika nyumbani, hakucheka.

Ndipo simu ikamwonyesha duka la dawa. Duka lenyewe halina mlango wala mtaa. Lina picha ya mtu aliyevaa koti jeupe, na ahadi ya nywele kabla ya sikukuu. Hakuna aliyemuuliza ana maradhi gani, wala anaishi na nani. Aliulizwa swali moja tu: pakiti moja au mbili?

Mji huu unawajua watu hawa. Walikuja zamani na vipaza sauti juu ya magari, wakiuza chupa moja ya kutibu minyoo, mgongo na mikosi. Wakarudi na krimu za kuchubua ngozi. Mama zetu wakabaki na mabaka usoni, na wauzaji hawakuonekana tena. Leo hawana haja hata ya kupiga kelele. Wananong'ona simuni, mtu akiwa peke yake na aibu yake. Aibu ndiyo duka lao.

Charo alimeza vidonge siku chache. Moyo ukaanza kumwenda mbio, mikono ikamtetemeka. Kanze akamwambia aache kumeza, lakini yeye mwenyewe aliona uchungu kutupa vitu vya pesa.

"Nywele hazioti tumboni, Charo," alisema. "Kwetu hutibiwa kwa nje. Nipe nivipondeponde, nitie kwenye mafuta."

Alishuka ghorofa ya chini, akaazima kinu kidogo cha iliki kwa jirani yao Raihana. Raihana ni mfamasia. Kanze hakumwambia kinu ni cha nini, kwa kuwa Charo alimwapisha asiseme. Jumapili ya kwanza akaponda. Jumapili ya pili akaponda tena.

Ya tatu, Raihana alipiga hodi. Alitaka kupika mahamri, na kinu hakijarudi. Alimkuta Kanze mezani, anatwanga, vidole vimejaa unga.

"Iliki gani hii ya samawati?" Raihana aliuliza akicheka. Kisha akaiona pakiti. Akaisoma. Kicheko kikamkatika.

"Kanze, mwanangu, acha hapo hapo. Nenda kanawe kwa sabuni, kisha njoo tukae."

Walikaa. Charo alitoka chumbani, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Raihana aliwaeleza taratibu. Dawa iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya wanaume. Inazuia homoni moja ya kiume. Mtoto wa kiume akiwa tumboni anaihitaji homoni hiyo ili viungo vyake vya uzazi vijengeke sawasawa. Kidonge kizima kina ganda linalozuia dawa isiguse mkono. Kikipondwa, unga unaweza kupita kwenye ngozi. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba hatakiwi kushika kidonge kilichovunjika.

Kanze alilishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Mtoto wangu ameharibika?"

"Sijasema hivyo. Kugusa mara chache si hukumu. Lakini kesho tunakwenda kliniki pamoja, na utawaambia kila kitu." Raihana akaigeuza pakiti. "Kinachonitisha zaidi ni kwamba sijui humu mna nini. Dawa hii haina kawaida ya kumkimbiza mtu moyo. Hapa pana kitu kingine, na aliyekitia hana jina."

Akamgeukia Charo. "Mbona hukuniuliza, shemeji? Nipo hapo chini."

"Ningekuulizaje, Bi Raihana? Kila siku tukipishana ngazini ungenitazama kichwa."

"Kichwa chako nakiona kila siku. Kimeshajitangaza chenyewe."

Charo alicheka, kisha machozi yakamtoka. Aliwaandikia wale wauzaji, akawauliza ndani ya vidonge mna nini. Wakamjibu kwa picha ya ua na bei ya pakiti ya tatu. Alipouliza tena, wakaifungia namba yake.

Vidonge vilivyobaki Raihana alivichukua vikaharibiwe inavyotakiwa. Alimpeleka Charo kwa daktari, akapimwa moyo, uliokuwa umeshatulia, na ngozi ya kichwa. Nywele hukatika kwa sababu nyingi: fangasi, upungufu wa damu, maradhi ya tezi. Za Charo zilikuwa za urithi tu. Dawa halali zipo, daktari alimwambia, ila zina madhara yake, na mtu huanza kwa kupimwa. Hata duka la mtandaoni liwe na mfamasia mwenye jina na kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, kibali ambacho mtu anaweza kuuliza kama ni cha kweli. Charo alifikiri, akaenda kwa kinyozi akanyoa zote.

Dukani alisimulia yaliyompata kwa sauti, mbele ya wateja. Tsofa hakufanya mzaha siku hiyo. Alimvuta pembeni, akamwonyesha simu yake. Naye alikuwa ameagiza vidonge, vya nguvu za kiume. Jioni wakaenda pamoja kwa Raihana.

Kwa Kanze, miezi ilipita kama mtu anayetembea ndani ya maji. Kila kliniki alipimwa, kila mara akaambiwa angoje mpaka mtoto azaliwe. Usiku mwingine alimwota mtoto akiwa kwa mbali, amempa mgongo. Alimwita, naye hakugeuka.

Alfajiri moja, hospitalini, mtoto alikuja. Muuguzi Jacinta alikuwa amesoma kadi ya Kanze na alijua la kutazama. Alimfuta mtoto, akamlaza chini ya taa, akamkagua bila haraka. Kanze aliinua kichwa, akimfuata kwa macho.

"Mvulana," Jacinta alisema. "Mzima. Kila kitu kipo mahali pake."

Kanze akamwomba aseme tena. Jacinta akamwekea mtoto kifuani, akasema tena.